Akidi ya Watu Watatu

Hakuna mtu aliyewahi kunichosha kama yule mama, na nimelea wadogo watatu.

Nilimwita Mwenyekiti kwa sababu kila mtu pale alimwita hivyo, na yeye alipenda kuitwa hivyo, hata na mlinzi wa mlangoni. Alikuwa wakili. Chama alichokiongoza kilikuwa cha mawakili wanaume wanaopenda wanaume na mawakili wanawake wanaopenda wanawake, pamoja na wengine ambao maisha yao hayakukaa vizuri ndani ya sentensi hiyo. Hao wengine aliniorodheshea mmoja mmoja, mara mbili, nikiwa nimesimama na trei mkononi na chai ikipoa. Walikutana kila Alhamisi saa kumi jioni katika chumba cha mikutano cha ofisi moja ya mawakili huko Marshalltown, Johannesburg, ghorofa ya nne. Mimi ndiye niliyefagia ofisi hiyo na kupika chai yake.

Nilianza kazi hiyo mwaka 2008, miezi michache baada ya ile Mei ambayo wageni tulifukuzwa mitaani na mimi na wadogo zangu tukalala siku kumi na moja kwenye uwanja wa kituo cha polisi. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba siku za Alhamisi kuna watu wa namna fulani, na kama dini yangu hainiruhusu niseme mapema, nilijibu kwamba dini yangu inaniruhusu kupata kazi. Nyumbani Troyeville sikumwambia mtu. Jirani yangu Mama Chantal, msusi, alikuwa na mdomo mpana kuliko barabara, na kanisa letu lilikuwa karibu na kiti chake cha kusukia.

Katiba ya chama ilisema kamati ya kesi haiwezi kuamua jambo lolote bila watu watatu. Hiyo ndiyo akidi. Mwenyekiti aliiandika katiba hiyo mwenyewe na aliitetea kama mtoto wake. Kamati ilikuwa na watu watano, lakini mawakili wa Johannesburg hawafiki popote kwa wakati. Mara ngapi nimeingia na kukuta wawili tu, yeye na mwingine, wamekaa kimya saa nzima wakitazamana juu ya sahani ya biskuti, kwa kuwa wa tatu amekwama kwenye robot, taa za barabarani.

"Si mwanze tu?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Nani aanze, sisi?" Alikuwa ananiita hivyo, sisi, kama wanavyomwita dada kwa Kizulu. "Kamati haipo."

"Mbona nawaona?"

"Unaona watu wawili. Kamati ni watatu."

"Na mimi niko hapa. Tuko watatu."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe umeleta chai," akasema.

Sikumsamehe neno hilo kwa muda mrefu. Hakulisema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Ndani ya jengo na nje ya jengo, baridi au joto, alivaa kofia ya sufu ya kijani. Alikunywa rooibos, chai nyekundu ya huku, bila maziwa, kikombe kikiwa kimefunikwa na kisahani kwa dakika saba, na kama nilikifunua baada ya dakika tano alijua, Mungu ndiye anayejua kwa njia gani. Mgahawani alisahihisha menyu kwa kalamu na kumrudishia mhudumu. Barua ya mtu mwingine yeyote aliiona kuwa ndefu mno, na zake zilikuwa na viambatanisho sita. Vijana wa chama, mawakili wanafunzi waliokuwa bado wanafanya mazoezi kwenye ofisi kubwa za Sandton na kuogopa kila mtu, walimwogopa yeye kuliko mabosi wao. Lakini ndiye waliyemjia.

Nakumbuka mmoja aliyeachishwa kazi. Alikuwa amempeleka mpenzi wake, mwanaume, kwenye chakula cha mchana cha mwisho wa mwaka, na Januari wakamwambia kwamba kazi yake haijafikia kiwango. Alikaa chumbani mwetu akilia na kusema hataki kesi, hataki lolote, ila kikombe chake tu kimebaki kule, kikombe alichopewa na nyanya yake. Wengine wakaanza kumbembeleza. Mwenyekiti akavaa koti.

"Kikombe ni chako?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Basi tukakichukue. Kwa mlango wa mbele."

Wakaenda kwa gari lake. Niliambiwa baadaye kwamba alisimama mapokezi saa nzima, kofia kichwani, akikataa kukaa, akisema amekuja kwa ajili ya kikombe, na kila aliyepita alimwuliza jina na cheo akaandika. Wakakipata kikombe. Wiki mbili baadaye wakapata na barua ya kuomba radhi. Kijana alirudi kukionyesha kile kikombe kama mtu aliyeshinda mpira. Mwenyekiti akamwambia barua ile ina makosa matatu ya kisarufi.

Lakini la kunichosha hasa lilikuwa namna yake ya kuandika maelezo ya watu. Mtu akija na shida, mawakili wengine humsikiliza, hufungua kompyuta, halafu humpa karatasi kumi atie saini. Yeye aliandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule, maneno yaleyale yaliyotoka kinywani mwa mtu. Akimaliza alichukua rula ya mbao, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti. Mwisho wa mstari aliuliza: "Hili umelisema wewe?" Kisha rula ikashuka. Penseli nyekundu aliiweka mbele ya mwenye shida, na alikuwa na maneno yake ya kila siku: "Kalamu ni yako. Kisicho chako, kikate." Kurasa nne zilichukua mchana mzima. Watu walisinzia, na wengine walilia kwa kuchoka. Nilikuwa nikisimama mlangoni na ufagio nikiwaza: mama, mwache mtu wa watu aende nyumbani.

Kisha zamu ikafika kwangu.

Mdogo wangu wa kiume ni Fidèle. Wanaomfuata ni wasichana, Aline na Neema. Tuliondoka Uvira, Kongo, mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, Fidèle kumi na mitatu, baba na mama wote wamekufa. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari, siku tuliyomzika mama, kwa sababu kuna mtu aliyepaswa kupika. Kwenye foleni ya kuomba hifadhi, kabla hatujafika dirishani, watu waliotutangulia walitufundisha. Ndugu hawaandikwi pamoja nawe, walisema, watawatenganisha, watawapeleka kwenye kituo cha watoto. Watoto wako ndio wanaandikwa. Sema ni wako. Foleni nzima ilijua hivyo. Nikajiongezea miaka sita na kusema ni wangu. Afisa akaandika: mama na watoto watatu. Nilitoka pale nikiwa nimewazaa wote kwa dakika tano, na nilifurahi.

Mwaka wa Kombe la Dunia, jioni moja mavuvuzela yanalia nje mpaka masufuria yanatetemeka, Fidèle aliniambia jikoni kwamba yeye anapenda wanaume. Nilikuwa nakata kitunguu. Nikamwuliza kama amekula. Akasema bado. Nikamwambia akae ale. Baadaye usingizi ulipokataa nilijiambia kwamba nimempikia chai kila mtu wa namna hiyo katika mji huu, na hakuna aliyeniuma.

Habari ilifika Uvira kabla ya mwaka kwisha, maana simu zipo. Baba yetu mdogo akatuma ujumbe wa sauti: mtoto yule asikanyage huku, akikanyaga mimi mwenyewe nitammaliza. Tuliusikiliza mara moja tu.

Fidèle alipotimiza miaka kumi na minane alitakiwa kuwa na faili lake mwenyewe. Akaenda kwenye mahojiano bila kuniambia atakachosema. Akasema kweli yote. Akamtaja mama yetu kwa jina, kwamba amekufa. Akaeleza yeye ni nani na baba mdogo ameahidi nini. Afisa akafungua faili la zamani, akaona mama yake ni mimi, na niko hai Troyeville. Barua ya kukataliwa ilikuwa na ukurasa mmoja. Ilisema mwombaji amedanganya kuhusu mama yake mzazi, kwa hiyo hata hayo mengine aliyoyasema juu ya nafsi yake hayawezi kuaminiwa. Alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa.

Nilimpelekea Mwenyekiti ile barua pamoja na chai, nikafunua kikombe mapema kwa sababu sikuhesabu dakika. Hakusema kitu kuhusu kikombe. Alisoma, akasoma tena, halafu akanitazama akihesabu miaka kwa vidole.

"Sisi, huyu ni mtoto wako?"

"Ni mdogo wangu."

"Kwa nini faili linasema ni mtoto wako?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyosema."

"Haibo," akashangaa taratibu kwa Kizulu. Akavua miwani. "Alhamisi kamati itaamua kama tunaichukua."

Alhamisi ilifika. Wakaja wawili. Madereva wa taksi walikuwa wamegoma na mji ulikuwa umefungwa, na watatu wengine walipiga simu kila mmoja kutoka foleni yake. Nilisimama mlangoni tangu saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Kesi ya mtoto niliyemlea ilikuwa mezani, watu wawili walioijua vizuri walikuwa wameketi mbele yake, na hawakuigusa.

"Mama, nakuomba," nikasema. "Ninyi wawili mmekubali. Naona mmekubali."

"Nimekubali mimi. Amekubali yeye. Kamati haijakubali."

"Siku zinakwisha!"

"Zimebaki ishirini na moja. Alhamisi ijayo zitabaki kumi na nne." Alikusanya karatasi zake. "Tukiichukua vibaya, kuna mtu atauliza mbele ya jaji nani aliyetupa ruhusa. Sitaki aulize."

Niliosha vikombe siku ile kwa kelele nyingi. Kimoja kilivunjika, na sikusikitika.

Wiki iliyofuata walikuja wanne na kesi ikachukuliwa. Walihitaji kitu kimoja tu, hati yangu ya kiapo: niape kwamba mimi si mama yake, kwamba nilidanganya, lini na kwa nini. Bila hiyo Fidèle angebaki mwongo, na mwongo hurudishwa kwao. Lakini nikishaapa, faili langu nalo linakuwa la mwongo, na ndani yake wamo Aline na Neema. Wangeweza kuninyang'anya kibali, na wasichana wangenifuata. Mwenyekiti alinieleza hayo yote bila kupunguza. Nilimchukia kwa kutopunguza.

Kulikuwa na wakili kijana mwenye tai nzuri, mwanachama, mtu mwema. Alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ipo njia laini. Tuseme mkalimani alikosea. Mimi nilisema wadogo, mkalimani akatafsiri watoto. Makosa hayo hutokea kila siku, na nani atamtafuta mkalimani wa miaka mitano iliyopita? Nilitaka kumbusu. Tukaingia pamoja chumbani akaliweka wazo mezani.

Mwenyekiti aliniuliza mimi, si yeye. "Mkalimani alikosea?"

Nikamtazama kijana.

"Alikuwapo mkalimani?"

"Hakuwapo," nikasema. "Tulisema Kifaransa na Kiingereza kidogo. Nilionyesha kwa mkono."

"Basi hakukosea."

"Lakini Mwenyekiti," akasema kijana, "ni mstari mmoja tu."

"Mstari mmoja ndio uliomponza mdogo wake."

Hapo ndipo nilipokasirika vibaya. Lazima nieleze kwanza habari za mpangaji.

Mama yake Mwenyekiti alikuwa hai, mzee sana, huko kwao kaskazini, na alipiga simu ya ofisi kila Alhamisi saa tisa na nusu kabla ya kikao. Mimi ndiye niliyepokea na kumwunganishia. Chumba kile hakina siri, nilisikia kila kitu. Mwenyekiti, ambaye alisimama mbele ya majaji akasema yeye ni nani, ambaye aliwafundisha vijana wote wale kwamba mtu haingii kwa mlango wa nyuma, alimwambia mama yake kila wiki: "Mpangaji hajambo, mama. Mpangaji anakusalimu." Mpangaji huyo alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekuja kumchukua jioni na kutuletea biskuti za tangawizi. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. Hakuna mtu katika chama asiyejua. Na bibi mzee kila mara aliuliza habari za magoti ya mpangaji kabla ya kuuliza habari za binti yake.

Kwa hiyo siku ile niliegemeza ufagio ukutani nikasema, "Na mpangaji je?"

Kijana mwenye tai akatazama viatu vyake.

"Mpangaji amefanya nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Wewe unamwambia mama yako ni mpangaji. Miaka yote. Mimi nikisema mkalimani, ni dhambi. Anakulipa kodi?"

Aliipanga rula sambamba na ukingo wa meza. Kisha akasema, "Mama yangu hajawahi kunitaka niape."

Hilo ndilo jibu alilonipa! Jibu la wakili. Nilivua aproni nikaitupa mezani, juu ya biskuti, nikateremka ngazi ghorofa zote nne kwa sababu sikutaka kusubiri lifti nikiwa nimekasirika. Nilitembea kwa miguu mpaka Troyeville.

Mama Chantal alikuwa nje akimsuka mtu. "Dada, leo umetoka mapema. Wamekufukuza?"

"Nimewafukuza mimi."

"Heh! Wazungu hawafukuzwi."

"Si mzungu. Angekuwa mzungu ningemwelewa."

Aliendelea kucheka nilipokuwa nimeshafunga mlango.

Kwa siku tatu sikwenda kazini, mimi ambaye sijawahi kukosa hata nikiwa na homa. Siku ya nne asubuhi, Fidèle alikaa mbele yangu na chai yake. Alikuwa amekonda.

"Yaya, usiape," akasema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Nitajua la kufanya. Ju ya nini muanguke wote kwa sababu yangu?"

"Utajua nini? Utaenda wapi?"

"Nitabaki tu bila karatasi. Wengi wanabaki."

"Wakikukamata?"

Alikunywa chai yake. Halafu akasema jambo ambalo bado linaniuma. "Lakini nilifurahi siku ile, Yaya. Pale dirishani. Nililitaja jina la mama. Miaka mitano sijalitaja mahali popote pa serikali. Kwa karatasi zetu, mama hakuwahi kuwapo."

Nilivaa viatu.

Nilimkuta Mwenyekiti mezani kwake. Aproni yangu ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, imefuliwa. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alitoa karatasi, akaandika, nami nikasema, tangu asubuhi mpaka mchana. Halafu ikaja rula. Ndipo nilipojua kwa nini watu walilia pale, na haikuwa kwa kuchoka. Kusikia maneno yako yakisomwa na mtu mwingine, polepole, mstari baada ya mstari, na kuulizwa "Hili umelisema wewe?" ni kama kuonyeshwa uso wako bila kuombwa ruhusa. Nilikata sehemu moja tu. Alikuwa ameandika kwamba nilidanganya kwa hofu, na kweli nilikuwa nimesema hivyo. Nilikata hofu nikaandika: kwa sababu ni wangu. Akasoma, akauliza kama nina hakika, kwa kuwa jaji angeweza kulitafsiri vibaya. Nikamwambia kalamu ni yangu.

Rufaa ilichukua zaidi ya mwaka. Iliahirishwa mara tatu, na mara zote Mwenyekiti alipanda lifti na viambatanisho vyake akarudi bila kuonyesha kuchoka. Mimi nilichoka kwa niaba yetu sote. Waliniita, wakaniuliza, nikajibu. Kibali changu kiliendelea kwa miezi mitatu mitatu, kila mara nikijua kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Mwanzoni mwa 2013 barua ya Fidèle ikaja: amekubaliwa, maelezo yake yameaminiwa, pamoja na ya dada yake. Faili langu lilisahihishwa miezi mingi baadaye. Sasa mimi ni mlezi wa Aline na Neema, si mama yao, na jina la mama yetu limeandikwa mahali pake. Nilikuwa nimepungua miaka sita kwa siku moja. Aline alisema hakuna mafuta ya uso Hillbrow yanayofanya hivyo.

Nilimpelekea Mwenyekiti keki. Akauliza kama chama kinaruhusiwa kupokea zawadi, akatafuta kifungu, akakipata, akala vipande viwili.

Mwaka uleule muda wake wa uongozi ulikwisha kwa kifungu alichokiandika mwenyewe. Wanachama walitaka kumwongezea. Akawaambia hawawezi. Mimi nami niliacha ofisi, nikapata cherehani, nikaanza kushona nyumbani sare za shule na nguo za kwaya. Sikumwona tena mpaka Jumamosi moja ya 2014, asubuhi, aliponigongea mlango kofia ikiwa kichwani. Nje gari lilikuwa limesimama, mpangaji akiwa kwenye usukani.

"Mama yangu amefariki," akasema. "Tunaelekea kwetu. Nisomee kitu."

Nikampa kiti, nikampa pole, nikaweka maji ya chai. Alitoa bahasha. Ilikuwa karatasi ya ratiba ya mazishi, ile wanayochapisha hapa na picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani, inayosomwa mbele ya watu wote kaburini. Ilipaswa kufika kwa mchapishaji saa sita.

"Una mawakili mia," nikamwambia. "Kwa nini mimi?"

"Wao watarekebisha. Wewe utasoma kilichoandikwa."

Akaweka mezani rula na penseli nyekundu. Nilicheka kwa hasira, maana alikuwa amezibeba mpaka kwangu, na nguo za kwaya zilikuwa zinanisubiri. Nikaweka rula chini ya mstari wa kwanza. Kiingereza changu ni cha trei, lakini nilisoma. Alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alifundisha Jumapili watoto wangapi. Kila mstari nilimwuliza, naye akajibu amelisema. Nikafika mwisho: ameacha binti mmoja, wajukuu wa ndugu zake, na rafiki wa familia. Hapo palikuwa na jina la mpangaji.

"Hili umelisema wewe?" nikauliza.

Kisahani kilikuwa juu ya kikombe chake, nami nilikuwa nahesabu dakika saba bila kutaka.

"Rafiki wa familia," nikarudia. "Mama yako aliuliza habari za magoti yake kila Alhamisi. Mimi ndiye niliyepokea simu. Nani anauliza magoti ya mpangaji?"

Aliisogelea penseli, halafu akaondoa mkono.

"Tuko wawili tu," akasema. "Haiwezi kuamuliwa."

Nilitaka kumrushia cherehani. Miaka sita, chai yote ile, na sasa nyumbani kwangu, mbele ya picha ya marehemu mama yake, akidi! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane ndipo nikasikia alichosema. Wawili. Mle ndani tulikuwa yeye na mimi.

Nikaenda mlangoni.

"Sisi!" nikaita kuelekea garini. "Zima gari. Ingia ndani, tumepungukiwa mtu mmoja."

Mpangaji alipanda ngazi polepole, mkono mmoja gotini. "Mmepungukiwa wa nini?"

"Wa kikao."

"Eish, hata leo?" Akamtazama Mwenyekiti, akaitazama rula, akaketi. Alivaa miwani akasoma mstari uliokuwa juu ya rula.

"Kalamu ni yako, Mwenyekiti," nikasema.

"Kikao kimefunguliwa saa ngapi?"

"Miaka ishirini na miwili," akasema mpangaji, "na bado anataka saa."

Mwenyekiti akachukua penseli. Alikata kwa kufuata rula, polepole, mstari ukanyooka. Juu yake akaanza kuandika, akasita.

"Andika mke," nikamwambia.

"Hatujaandikisha ndoa. Siwezi kuandika kisicho kweli."

"Na hilo ni kosa la nani?" akauliza mpangaji, akitazama dari yangu.

Akaandika kwa herufi zake kubwa, akanisukumia karatasi. Nikaisoma kwa sauti: na mwenzi wa binti yake kwa miaka ishirini na miwili. Nikamwuliza kama hilo amelisema yeye.

"Nimelisema," akajibu. Kisha akaipindua ile bahasha, akaandika tarehe juu yake, na bila kuinua macho akauliza waliohudhuria ni wangapi.

"Watatu," nikasema, nikafunua chai yake.